Pua Haina Tarehe Mgongoni

4 Februari

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, na wewe bila shaka u mzima, maana mtu anayeshinda kwenye karakana yenye feni haugui ila uvivu. Simu zako nimeziona. Sipokei, kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na kwenye barua huwezi.

Nimehamia kwenye karavani. Dada yako ameshakueleza, najua, na najua kwa sauti gani. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja aliyebaki. Kila chumba nilichoingia nilikuwa namtafuta mama yako, kisha nakumbuka. Basi nimeiuza, nikanunua hii nyumba ya magurudumu yenye umri wa miaka kumi na mitano. Ina kitanda, sinki, jiko dogo la gesi na dirisha linalotazama ubavu wa karavani ya jirani. Aliyeniuzia ni kijana mwenye viatu vya ncha kali. Kila nilipomuuliza swali alipiga bati kwa kiganja akasema, "Iko safi, mzee." Mlango umening'inia bawaba moja, iko safi. Bomba la sinki linavuja, iko safi.

Sasa, chini ya kabati la sinki, karibu na sakafu, kuna kidude cha kunusa gesi. Zamani kilikuwa cheupe, leo kina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Kila nusu dakika kinalia pi, na taa zake mbili, nyekundu na kijani, zinapokezana. Siku tatu nimevumilia. Nimekagua mtungi, nimekagua mpira, nimepaka povu la sabuni kwenye kila kiungio. Hata kiputo kimoja hakikutoka. Kumbe kidude kinadanganya. Nimekikata waya wake mwekundu kwa koleo, na sasa kuna amani.

Nasikia ndiyo kazi yako siku hizi, kubadilisha vidude vya aina hii kwenye karavani za watu. Nilikufundisha ufundi wa gesi miaka sita. Ulikuwa unajua kupinda bomba la shaba bila kulivunja. Ukaniacha ukaenda kufungua skrubu mbili na kufunga skrubu mbili. Mimi miaka arobaini na mmoja kazini waliniita Pua, kwa sababu nilikuwa nikiingia jengo la ghorofa nne nawaambia gesi inavuja ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Hakuna aliyewahi kuniita Kidude.

Kula vizuri.

Baba yako

*

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Sijambo, na feni iliharibika tangu Desemba, kwa hiyo uvivu wangu naufanyia kwenye joto.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mkuu wa karakana, akaomba nirudie pale pa koleo. Baba, kile kidude hakikusema kuna gesi. Kikiona gesi kinapiga kelele mfululizo, ungetoka mbio na suruali mkononi. Pi moja kila nusu dakika na taa kupokezana maana yake ni moja tu: nimezeeka, nibadilisheni. Kilikuwa kinakiri chenyewe, tena kwa adabu, jambo ambalo wazee wachache huliweza. Wewe ukakikata ulimi.

Kifungue ukigeuze. Mgongoni kina tarehe. Vingi huisha miaka mitano, vikizidi sana saba. Hata kama hakijawahi kukutana na gesi, pua yake inazeeka kwa kukaa tu hapo chini ikivuta vumbi, mvuke wa vyungu na dawa za kupulizia mende. Na kisikudanganye kile kitufe cha kujaribia. Wiki iliyopita kaja bwana mmoja na kidude cha miaka kumi na minane. Kila asubuhi alikuwa anabonyeza kitufe, kinalia, anakwenda zake akiwa na raha. Nikashika kiberiti cha gesi, nikabonyeza bila kuwasha, nikakiwekea pale pale puani. Kimya. Taa ya kijani inawaka, kinatabasamu. Kitufe kinajaribu king'ora, Baba. Pua hakiigusi.

Nakutumia kipya. Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, matundu yale yale, shubiri moja kutoka sakafuni. Na hapana, sikufundishi kwamba gesi hushuka chini, najua ulilijua hilo kabla sijazaliwa. Ni skrubu mbili tu. Hata fundi mkubwa kama wewe ataziweza.

Mwanao

*

11 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi kama kawaida, afya yangu kama ulivyoiacha. Kidude chako nakurudishia ndani ya boksi lake. Sijalifungua.

Kile kingine nimekigeuza. Kina miaka kumi na mitano, umri mmoja na karavani. Hongera, umepatia. Mwambie na mkuu wako wa karakana, mcheke tena. Lakini nieleze, wewe msomi wa migongo ya vidude: gesi hii unadhani inanuka vipi? Yenyewe haina harufu. Kiwandani wanaitia uvundo makusudi, ule wa yai bovu, ili watu wenye pua wajue. Yaani wanadamu walishakaa wakafikiri, wakaona pua inatosha. Kisha wakaja watu wa aina yako wakauza kisanduku cha kunusa kwa niaba ya mwenye pua. Kesho mtauza cha kutafuna. Pua yangu haina tarehe mgongoni.

Majirani hapa ni mzigo. Mlinzi wa uwanja huu wa karavani anatembea na daftari, akiandika nani kaanika nguo wapi. Na pembeni yangu yuko mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mrefu anayesahihisha kila kitu. Juzi kagonga mlango kwa kiganja kizima kuniambia maziwa yangu yanaungua, kayasikia harufu kutoka kwake. Kweli sufuria ilikuwa imeshakuwa nyeusi, lakini nilikuwa nimegeukia dirishani nasoma gazeti, mtu hawezi kusoma na kunusa kwa wakati mmoja. Akaniambia, "Mzee, hata kipofu angejua." Nikamwambia hesabu zake akafanyie kwake.

Sasa jambo la maana. Unakumbuka mama yako alikuwa na mitandio miwili, ya zambarau. Baada ya msiba dada yako alichukua mmoja, mimi nikachukua mmoja, nikautia kwenye kopo la biskuti nikafunga kwa tepu ili usiishe harufu yake. Marashi yale, na sabuni ile, na yeye mwenyewe. Nilijizuia mwaka mzima nisilifungue. Jumapili nimelifungua. Hakuna kitu. Nimeuweka usoni nikavuta pumzi mpaka kizunguzungu, na ni kitambaa tu, kama kimetoka dukani. Dada yako alikuwa na kopo lile siku mbili tulipokuwa tunahama. Ameufua. Ana ugonjwa wa usafi tangu utotoni, anafua hata visivyo vyake. Mwambie asikanyage hapa. Sitaki maelezo wala machozi yake. Mtu kaninyang'anya kitu cha mwisho nilichokuwa nacho, halafu atataka nimpokee na kikapu cha matunda.

Baba yako

*

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sina mzaha, kwa hiyo utanisamehe barua ikikosa ladha.

Nilikwenda kwa dada Jumamosi. Nilimuuliza bila kuzunguka kama aliufua mtandio. Alikwenda chumbani akarudi na wa kwake. Baba, mitandio ile ilikaa droo moja miaka yote, na mliigawana siku moja. Wa kwake unakaa kwenye mfuko wa nailoni wazi, hauna kopo wala tepu. Niliuinua tu hadi kidevuni. Mama alikuwa pale, kama amepita nyuma yangu kuelekea jikoni. Kama wa wazi uko vile, wako wa kwenye kopo hauwezi kuwa umeisha, na dada anaapa hakuugusa. Alilia, ndiyo. Ungeandikiwa wewe maneno yale ungelia pia.

Basi nipigie hesabu, au mpe mwalimu jirani akupigie. Maziwa yameungua hadi sufuria ikawa nyeusi, wewe umekaa hatua mbili na hukujua. Mtandio unanuka, wewe unaona kitambaa cha dukani. Mtandio haukuisha, Baba. Iliyokwisha ni pua yako. Sijui ni umri, au yale mafua makali ya mwaka ule, au miaka arobaini na mmoja ya kuvuta moshi wa kulehemu. Lakini hunusi. Na waya wa kidude umekata. Unalala kwenye sanduku la bati pamoja na mtungi wa gesi, na humo ndani hakuna anayenusa, si wewe wala kidude.

Fanya jaribio. Fumba macho, mtu mwingine akuwekee kitunguu kilichokatwa puani. Dakika moja tu. Ukikitambua, nitakuja mwenyewe nikuombe radhi mbele ya mlinzi na daftari lake aandike.

Nakirudisha kidude kwako. Kutoka hapa hadi huko ni siku mbili, na ruhusa sipati kabla ya mwisho wa Mei, vinginevyo ningekuja na bisibisi yangu. Umenidharau tangu nilipoacha kazi yako, nami nimejifunza kukudharau vizuri tu, kwa kiburi chako na kwa kumsingizia dada. Lakini kukuzika sitaki. Mwaka mmoja uliopita nimemzika mmoja, inatosha.

Mwanao

*

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Karibu mwezi mzima na hujajibu. Kifurushi hakijarudi, sijui niseme alhamdulillahi au niogope. Nilipiga simu uwanjani. Mlinzi akasema upo, maana juzi mligombana kuhusu kamba ya nguo. Nilimshukuru sana, mpaka akashangaa.

Andika hata tusi.

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu,

Salamu. Ulitaka tusi: mwandiko wako ni wa kuku. Mengine yafuatayo nayaandika mara moja, na ukija kuyarudia mbele ya watu nitakana.

Barua yako ya Machi niliichana, kisha nikaiunganisha kwa tepu, kisha nikaitia droo. Boksi nikaliweka chini ya kitanda. Nilisema sitarudisha wala sitafunga, nitakunyamazia mpaka ushike adabu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Jumanne iliyopita, asubuhi, mvua inanyesha, madirisha nimefunga. Nilitaka chai. Kumbe swichi ya jiko niliipiga kiwiko nilipokuwa nasugua sinki, na gesi ikawa inatoka muda wote ule bila moto. Mimi nimesimama juu yake. Nimetoa njiti ya kiberiti. Yule mwalimu alikuwa anapita na ndoo. Hakugonga. Alivuta mlango, bawaba ile moja ikang'oka, akanipiga mkono hadi kiberiti kikaruka, akanishika kola akanitoa nje kwenye tope na soksi. Mimi. Nikamuuliza ana wazimu gani. Akasema, "Mzee, nimeisikia kutoka bombani." Bomba la maji liko hatua thelathini kutoka kwangu, nimezipima.

Nilikaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa, mvua inaninyeshea, nikivuta pumzi kuelekea ule mlango uliong'oka. Gesi ilikuwa inatoka pale, aliisikia kila mtu, majirani walikuwa wamejiziba pua kwa nguo. Mimi nilisikia ubaridi wa mvua tu.

Jioni yake alikuja na kitunguu. Sikumwomba. Nilikuwa nimemwonyesha barua yako, na yeye ni mtu wa kusahihisha. Akanifumbisha macho, akakata. Nilijua ni kitunguu, maana machozi yalinitoka mpaka kidevuni. Puani hakukuingia kitu. Akajaribu na dawa ya kuchua, akajaribu na siki. Kisha akaandika matokeo kwenye karatasi, sifuri juu ya tatu, akapiga mstari chini. Mwanamke huyu hana huruma kabisa, na sasa tunakunywa chai pamoja.

Kidude nimekifunga. Shubiri moja kutoka sakafuni, mwekundu kwa mwekundu. Skrubu ulizoweka ni fupi, nilitafuta zangu. Nilishika kiberiti cha gesi bila kuwasha, kama ulivyofanya, nikakiwekea puani. Kikapiga kelele mpaka mlinzi akaja na daftari. Sijawahi kufurahia kelele za kijinga namna ile. Niliandika tarehe mgongoni kwa kalamu ya wino, kubwa, kwa kuwa ile ya kiwandani ni ndogo mno kwa macho ya mzee. Wateja wako waandikie hivyo hivyo, kama hamjaliwaza huko mnakocheka.

Kwa dada yako nimeandika barua nyingine. Nilianza mara nne. Mwambie aisome hadi mwisho, mwanzo ni mbaya kwa sababu sina mazoea. Mwambie pia ataruhusiwa kukanyaga hapa, na kikapu chake.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kopo la biskuti. Limefungwa kwa tepu mpya. Lifungue ukiwa peke yako, usimpelekee mkuu wa karakana. Uuweke mtandio usoni, uvute pumzi, kisha uniandikie. Usinipambie maneno wala usinionee huruma. Niambie kama unavyosema kuhusu vidude vyako, kipo au hakipo. Kama yupo, niambie ni marashi zaidi au ni sabuni, na ile harufu nyingine ya shingoni, unaijua, alipokuwa ametoka kupika, kama nayo ipo. Niandikie kirefu. Nitasoma polepole.

Ukimaliza, rudisha kwenye kopo, ufunge vizuri, unitumie.

Usiufue.

Baba yako