Anwani ya Mama wa Rissne

Mjukuu wangu Riziki,

Pokea salamu zetu kutoka huku ughaibuni, Bredäng. Goti la babu yako limepoa, na shangazi yako amepata kazi mjini Tumba. Umeniuliza kama tovuti yako inahitaji ulinzi kweli, maana unauza sabuni tu.

Mimi nilikuwa nauza vitenge tu. Ulikuwa bado mdogo wakati binamu yangu aliponitengenezea tovuti, na wateja wakawa wanaandika humo majina na anwani zao. Siku moja wezi wa mtandao waliingia, wakaianika orodha yote hadharani.

Binamu aliniambia, "Nyamaza tu, hakuna atakayejua."

Niliwapigia simu wateja mmoja mmoja. Wengi hawakujali. Lakini mama mmoja wa mtaa wa Rissne alijali. Alikuwa amemkimbia mume aliyempiga, na hata serikali ilikuwa imeificha anwani yake ili asipatikane. Mimi alinipa ili nimtumie kitenge cha ubatizo wa mtoto.

"Imekaa hadharani siku ngapi?" aliniuliza.

"Tatu, mama."

Alihama wiki hiyo hiyo na watoto wake wawili. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Alinishukuru kwa kumwambia ukweli, lakini hakunitajia anakohamia, nami sikuthubutu kumuuliza.

Baadaye nilisikia kanisani kwamba mume hakumpata. Tovuti niliifunga, nikarudi kuuza kwa mkono. Mama yule hakununua tena kwangu. Sikumlaumu.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Bibi yako