Majike ya Baba na Mashine Ambazo Hakuna Aliyeziona

Ofisi ya Mnada wa Mifugo,
Majimoto, Mpimbwe,
Katavi.
12 Agosti 2025

Mpendwa kaka Ngusa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Dorotea, na kwamba mtoto kikohozi kimeshamwachia. Sisi huku tunaendelea. Mayu mama yetu goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua humwambii akae chini. Baba ni mzima kabisa, na huo uzima wake ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu ana nguvu ya kufanya kila analolipanga.

Mpunga tumevuna, si haba. Upande wa bondeni panya walitupunguzia, ila ghalani kuna cha kula na cha mbegu. Malisho yameanza kukauka, ng'ombe wanapelekwa mbali.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimempa Lidia, binti wa jirani, anayerudi Dar kwa basi la Alhamisi. Kwenye simu nikianza tu unacheka: "Haya, karani muoga, leo umeota nini tena?" Nami nikishachekwa nasahau nusu ya niliyopanga kusema. Hapa huwezi kunikatiza.

Kaka, nimechoka. Baba ameamua kuuza majike yote saba ya hapa nyumbani kwenye mnada wa Jumamosi ya tarehe 23, na fedha yote aiingize kwenye zile mashine za kukodi ulizomweleza, za kuchimba sarafu za mtandaoni huko ng'ambo. Kati ya hao wamo mitamba wawili ambao Mayu amewalea kwa mkono wake tangu mama yao alipokufa. Zizini yatabaki madume ya kulimia tu. Wewe umekulia kwenye zizi hilo, huhitaji mimi nikueleze zizi lisilo na jike ni kitu gani.

Najua utasema baba mwenyewe ndiye aliyeikataa mashine ya kumiliki. Ni kweli. Ile uliyotuletea mwaka jana ilitutesa. Tuliiweka ghalani, ikawa inapiga kelele kama mashine ya kukoboa isiyo na mpunga ndani. Luku ilikuwa inaisha kabla hatujakumbuka kwamba tumeiweka. Umeme ukikatika ilizima, ukirudi ilikuwa mpaka nitoke ofisini nije kuiwasha upya, maana baba alikuwa hataki kuigusa na Mayu alisema inanuka kuungua. Vumbi la Agosti likamaliza kazi. Faida tuliyoiona kwa macho ni michembe ya viazi ya Mayu, aliyoianika mbele ya ule upepo wake wa moto ikakauka kwa siku moja. Bado anakusifia kwa hilo.

Lakini kaka, ile mashine ilikuwa yetu. Tuliisikia ikinguruma na tuliiona ikifa. Fundi Celestin aliifungua mbele yetu, akatuonyesha palipoungua, akainunua kwa ajili ya vipuri. Hasara ile naijua mwanzo wake na mwisho wake. Hii nyingine siijui hata inaanzia wapi.

Ulipomweleza baba kwamba safari hii mashine zinakaa kwa kampuni, kwenye nchi ya baridi, wao wanazitunza na yeye anapata mapato kwenye simu, alijipiga paja. "Kumbe ni kuweka ng'ombe kwa mtu! Si mngesema tangu mwanzo!" Toka siku hiyo hakuna anayemweza. Nilimwambia mashine hizo hatujaziona. Akaniuliza:

"Ng'ombe wangu walioko kwa Malale kule Mishamo, wewe umewahi kuwaona?"

"Hapana, baba."

"Wapo hawapo?"

"Wapo."

"Haya. Nenda kapike."

Nikaenda kupika, na shahada yangu.

Sikukata tamaa. Nilisoma masharti yao yote kwenye simu, hata yale ya maandishi madogo. Wanakata ada ya utunzaji kila siku, mashine zikichimba zisichimbe. Ada ikizidi mapato, mkataba unakufa na hudai kitu. Hawasemi mashine ziko mji gani. Ukitaka kutoa fedha yako, kuna kiwango ambacho lazima kwanza ukifikie kwa kuongeza nyingine. Nilimsomea baba polepole, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Akasema, "Anayekuchungia ng'ombe hanywi maziwa? Waache wanywe." Kila nilichokileta alikuwa na jibu la ng'ombe. Nilitamani kulia, si kwa sababu yeye ni mjinga, bali kwa sababu utaratibu anaoujua ni wa haki, na anadhani dunia nzima inaufuata.

Jumapili ndipo nilipomuuliza jambo moja tu. Nilisema, "Baba, mwaka ule jike lako lilipokufa kwa Malale, ulijuaje kama hakuliuza?"

"Aliniletea ngozi. Kwa baiskeli, toka Mishamo. Sikio lenye alama yangu likiwepo."

"Na hizi mashine zikifa, ngozi ataleta nani?"

Mayu aliacha kupepeta mchele akamtazama baba. Nikajua nimempata. Halafu baba akasema taratibu, kama mtu anayejibu kitu kilicho wazi:

"Ngusa."

Ndiyo maana naandika. Baba haijui hiyo kampuni na wala haitaki kuijua. Majike yake hayaweki kwa Wazungu wa nchi ya baridi, anayaweka kwako. Kwake yeye wewe ndiye mchungaji, na mchungaji ndiye anayejibu. Sidhani kama ulielewa hivyo ulipokuwa unamtumia zile picha za maghala yenye taa za bluu.

Na hayuko peke yake. Mzee Sylvanus wa jirani naye ameshachagua ng'ombe wake wanne. Juzi alinikuta mnadani, akaegemea dirisha langu huku watu wakisubiri vibali, akasema kwa sauti, "Sisi hatuna shaka. Karani wa serikali yumo ndani ya familia, ingekuwa utapeli si angeshasema?" Watu wakacheka, wakanitazama. Nilitabasamu na kuendelea kuandika, nikaharibu kibali cha mtu. Nimekwisha kusema, kaka! Nimesema mpaka sauti imekauka. Ila nikisema nyumbani mimi ni mtoto wa kike, na nikinyamaza kazini mimi ni ushahidi.

Nasikia pia kwamba kila anayejiunga kwa jina lako, wewe unapata kitu. Sitaki kujua ni kiasi gani. Nataka kujua kama baba naye umemhesabu humo.

Sasa nisikilize vizuri. Jumamosi hiyo baba atakuja dirishani kwangu kuchukua kibali cha kuuza. Siwezi kumnyima, ng'ombe ni wake na sheria hainipi nafasi hiyo. Lakini kabla sijaandika nitakupigia simu. Nitaweka sauti ya nje, baba akiwa mbele yangu na Mzee Sylvanus pembeni yake, na nitakuuliza swali moja tu: kaka, hizo mashine umeziona kwa macho yako, au umemjua mtu yeyote aliyeziona?

Usipopokea nitapiga tena, na watu wa nyuma watasubiri. Ukisema umeziona, nitaandika kibali na sitafungua tena mdomo wangu. Ukisema hujaziona, baba atarudisha majike nyumbani. Atakukasirikia, huenda mpaka Krismasi, lakini atakukasirikia kama mwanawe aliyepotea njia. Ukimdanganya, siku ya siku atakuja Dar kukudai ngozi. Atakuja kweli, unamjua.

Nimekuandikia mapema kwa makusudi. Sikutaka nikuvizie mbele ya watu. Una zaidi ya wiki ya kufikiri, na naomba usiitumie kutafuta maneno mazuri. Mimi naogopa kila kitu, naogopa hata mkuu wangu akikohoa, lakini simu hiyo nitaipiga.

Msalimie sana wifi Dorotea, umbusu mtoto. Msalimie na binamu Lyamba ukikutana naye. Mayu anakusalimu, amekufungia michembe kidogo kwa Lidia, ila hajui nimeandika nini. Baba angekusalimu pia, lakini hajui kama nakuandikia. Mungu akulinde na akupe moyo wa kusema lililo kweli.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokukasirikia,

Kabula Luhende