Kwako Mkono Mfukoni, Mwalimu wa Maabara ya Umeme

Mwaka umetimia, dada, tangu maradhi ya moyo yakuchukue, ukiwa umebakiza kutetea tasnifu yako ya uhandisi wa umeme.

Wanafunzi wako wa maabara walikuita Mkono Mfukoni, kwa sababu hukumruhusu yeyote asogelee waya wenye umeme kabla hajatia mkono mmoja mfukoni, ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Aliyevaa nguo isiyo na mfuko ulimwazima koti lako. Ulikuwa mkali, lakini asiyeelewa ulikaa naye mpaka akaelewa. Chai yako ikapoa, ukainywa hivyohivyo.

Utafiti wako ulikuwa wa kifaa cha kutoa tahadhari transfoma inapokaribia kuungua. Majibu yalipendeza. Msimamizi wako akafurahi, sisi tukaanza kushona nguo za mahafali. Ndipo ukagundua kwamba kihisi kimoja kilifungwa upande unaopigwa na jua, kwa hiyo sehemu ya joto ulilopima ilikuwa ya jua tu. Msimamizi alikushauri ulitaje hilo kwa sentensi moja, umalize. Ulikataa. Kaka akanung'unika kwamba unajichelewesha kwa makusudi. Ukamjibu bila kupandisha sauti, "Transfoma haitasoma tasnifu yangu, kaka. Itaungua tu."

Ukaanza upya. Ulipanda ngazi, ukahamishia vihisi kivulini, huku ukiendelea kufundisha kama kawaida. Majibu mapya yalikuwa madogo kuliko ya kwanza, lakini ulikuja nayo nyumbani ukitabasamu, ukala sahani mbili. Haukupita muda mrefu, ukaanguka.

Kazi yako imekubaliwa, dada. Mama ndiye aliyepokea shahada. Alimwomba msimamizi amweleze kwa lugha nyepesi ulichokuwa ukifanya miaka yote ile. Msimamizi akaeleza, mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe alikuwa kazini. Mimi nilikuwa nikiwaambia watu bado anasoma."

Siku hizi anawaambia vingine.

Unakumbukwa na mama, baba, kaka yako fundi magari, sisi wadogo zako tulioandika haya, shangazi, mjomba, na wanafunzi wako, hata wale uliowarudishia ripoti zao waandike tena. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.