Memori Ulizochomoa

Kalangalala, Geita
Agosti 1997

Kaka Hemal,

Shikamoo ningekupa, lakini leo imenikwama kooni. Mama hajambo, mvua hakuna, na kioo cha duka letu la kununulia dhahabu kimevunjwa kwa jiwe. Thobias na wachimbaji wenzake wanasema programu uliyotuandikia ya mizani inawapunja.

Nikaijenga upya, pamoja na taarifa za kutafutia makosa. Kila nikifika kwenye kuunganisha vipande vya programu, kompyuta inagoma: memori imejaa. Itakosaje kujaa, na wewe ulichomoa nusu ya kadi za memori ukaenda nazo Mwanza? Kwenye simu ukanijibu, "Ondoa hizo taarifa, itaunganika." Nikiziondoa, kosa nitalionaje?

Basi nimeziacha kwenye kipande cha mizani peke yake. Imeunganika, na nimeona: uzito wa kibakuli cha kupimia dhahabu unatolewa mara mbili, gramu zao zinabaki kwetu.

Nilimwonyesha Baba. Hakushtuka hata kidogo. Aliniuliza tu, "Kwani Hemal hakukwambia uziondoe hizo taarifa?"

Memori baki nazo. Kesho Thobias na wenzake wanakuja, nitawafungulia kompyuta wauone wenyewe mstari unaowapunja.

Mdogo wako, kama bado unanihesabu,
Heena