Siku Tuliyomwita Mutua

Tulia, Jumapili, 4 Agosti

Mjukuu wangu Mwende,

Sisi ni wazima, na mbuzi amezaa mapacha. Umeuliza kuhusu rafiki yako anayetumia unga, ile dawa ya kulevya. Naahidi kukueleza yote.

Mwaka wa 1988, nikiwa darasa la saba, jirani yetu Mutua alirudi kutoka Mombasa na uraibu huo. Mchana mmoja tulimkuta ndani kwao, midomo imegeuka kijivu, pumzi zikikatika. Akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi za shamba, waliacha kuchimba matuta, wakamlaza kwa ubavu, wakapokezana kumtikisa na kumwita. Jina lilikuwa la babu yake, aliyezikwa hapo nje. Niliogopa ni nani angeitika.

"Mume wangu," nyanya yake akamwambia, kama desturi yetu kwa mjukuu mwenye jina la mumewe, "utaniacha mjane mara ya pili?"

"Nyanya, punguza kelele," akanong'ona.

Tangu hapo walikaa naye kwa zamu hadi akapona.

Nijibu upesi: rafiki yako akilala, nani yuko karibu naye?