Kwa Mtani Aliyeteka Bodi Yangu

Mpendwa mtani,

Tangu urudi kwenu Songea nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara naishia kukutukana, kama kawaida yetu sisi Wapogoro na nyie Wangoni. Leo naandika kweli.

Unazikumbuka zile bodi ndogo za kompyuta, za aina ya ARM, kubwa kidogo kuliko kitabu cha sala, tulizokuwa tukiziandaa pale ofisini Ifakara? Zilikuwa za kuwekwa kwenye friji za chanjo kule Mlimba, zipime ubaridi na kupiga king'ora chanjo ikitaka kuganda, maana ya pepopunda ikishaganda haimkingi mtoto tena. Wewe ulitaka programu ya kuziendesha tuiunde na kuijaribu kwenye bodi yenyewe, hata kama ingechukua kutwa nzima. Mimi na subira wapi na wapi. Nilitengeneza bodi ya kuigiza ndani ya kompyuta kubwa, nikaijaribu programu humo kwa dakika chache, kila kitu kikakubali, nikaanza kufunga maboksi ya kupeleka kwenye treni.

Ndipo ulipokuja ukanichomolea bodi moja mkononi.

"Mtumwa wangu, hii nimeiteka," ulisema. "Ukiitaka, njoo upige magoti."

Mtani akikuchukulia kitu huruhusiwi kukasirika, basi nikacheka huku roho inaniuma. Ukaitia programu yangu, ukachomeka kipimajoto chake kwenye barafu ya friza ya kantini, ukakaa kusubiri huku unamenya machungwa.

Kipimajoto kikafunikwa na barafu, king'ora kimya. Kompyuta kubwa ilizielewa namba za chini ya sifuri; bodi, kwa programu ile ile, haikuzielewa, maana yenyewe huzihesabu kwa kurudi nyuma kutoka mia mbili hamsini na sita. Nyuzi mbili chini ya sifuri ilizisoma kuwa mia mbili hamsini na nne, ikadhani kipimajoto kimeharibika, ikapuuza.

"Umeona sasa?" uliniuliza.

"Nilishaona tangu jana. Nilikuwa nakupima wewe tu."

Mtani, nilikudanganya. Sikuwa nimeona chochote. Tulirekebisha, tukaiunda upya kwenye bodi yenyewe kama ulivyotaka, na ukahama bila kusikia asante yangu. Nimeona aibu muda wote huu.

Jumatatu nesi wa Mlimba alituletea habari. Friji ya mafuta ya taa ilizidisha ubaridi, king'ora kikalia, akafungua akakuta chanjo zimeganda. Akazitupa zote, akawarudisha kina mama nyumbani wasubiri nyingine.

Anasema kina mama hao walimsema sana, hasa bibi mmoja aliyeamka alfajiri kuwahi foleni. Huyo bibi ni mama mkwe wangu, mtani. Mgongoni alikuwa amembeba binti yangu, anayelelewa kwake huko Mlimba.

Asante. Wasalimie wote nyumbani.

Mtani wako wa Ifakara