Polka za Baba Hazibaniki

Eveleth, Minnesota
19 Machi 2006

Dada yangu mpenzi Gloria,

Pokea salamu zangu kutoka huku tulikofukiwa na theluji. Natumai wewe na shemeji Dwight mu wazima huko Tucson, na goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwilini ni mzima. Baba naye hajambo kabisa: anakula, anafoka, na juzi kagombana na muuza nyama kwa ajili ya soseji. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Wasiwasi wako uelekeze kwangu.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini mpaka leo niko hapa, nikakuzungusha, maana Baba alikuwa amekaa karibu yangu ananikodolea macho. Sasa kaenda kucheza bingo kanisani, nami nina nafasi ya kusema.

Unajua nilikuja kumzika Mama, nikasema nitakaa mpaka Krismasi tu. Cherehani yangu sikuitoa hata kwenye buti la gari. Kazi ya Minneapolis ilikuwa inaningoja, ile ya kusimamia washonaji wa mavazi ya jukwaani, kazi niliyoiota tangu nikiwa msichana. Ndipo ikaja zawadi yako, kale kadude ka kusikilizia muziki, ukasema Baba awekewe humo nyimbo zote za bendi yake. Alifurahi huyo! Akaniambia, mwanangu, niwekee polka zangu, muziki wangu wa dansi, humu, zikae vizuri, halafu uende zako, sikuzuii. Nikamwahidi sitaondoka kabla hajaridhika. Nikadhani ni kazi ya wiki moja. Mjinga mimi!

Zile kanda za bendi zilizorekodiwa kwenye kumbi za dansi, watu wa maktaba walishazihamishia kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba faili zake ni kubwa mno, kila sauti imo vilevile ilivyorekodiwa, na kadude kako kangebeba dansi chache tu kati ya miaka yote ile. Basi inabidi uzibane. Kompyuta inazitupa sauti ambazo inadhani sikio halitazikosa, na faili inakuwa ndogo. Nikazibana zote, nikampelekea. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akakunja uso kama aliyelamba ndimu. Akasema nimeziua. Kodiani haina neno, lakini matoazi yanachemka kama mafuta kwenye kikaango.

Nikakubali kosa. Nikashuka tena chini kwenye kompyuta, nikaanza upya, safari hii nikizibana kidogo. Akasema bado. Nikapunguza tena, mpaka kadude kakawa kanajaa kabla nyimbo za bendi hazijafika nusu. Akatikisa kichwa, akasema matoazi, Loretta, huyasikii? Hata wewe masikio yako yana nta? Dada, mimi nilikuwa siyasikii, nikaanza kujishuku mwenyewe. Krismasi ikapita, Januari ikapita. Nalala kwenye kitanda changu cha utotoni, miguu inaning'inia. Namwoshea nguo, nampikia sarma, zile nyama za kuviringwa kwenye kabichi, kama za Mama, nashuka chini, nabana, napanda juu, nakataliwa. Nikisema sasa basi, inatosha, ananijibu kwa upole, ule upole wake wa kuchinja, kwamba mama yako asingechoka haraka hivi.

Bi Haugen, mwenye ile kazi ya Minneapolis, alinivumilia mara mbili. Mara ya tatu akanipigia na kusema yeye ananipenda, lakini nguo hazijishoni zenyewe. Nimjibu kufika Ijumaa, naja au siji.

Hapo ndipo nikapata wazo. Jumanne nikaitia kwenye kadude faili ya asili, ile isiyobanwa hata chembe, dansi moja tupu kama ilivyotoka kwenye kanda. Sikumwambia. Akasikiliza, akakunja uso uleule, akasema yanachemka kama mafuta kwenye kikaango.

Nikajua masikio ya Baba yameondoka. Nikawaza, nitamwambiaje mtu aliyepiga kodiani maisha yake yote? Nikaenda kwa mzee Stubby, mpiga ngoma wake, nimwombe anisaidie kumwambia. Unamjua Stubby na mdomo wake. Alicheka mpaka akapaliwa na mkate wake wenye kokwa za jozi. Akasema, "Baba yako na matoazi wapi na wapi! Hayo hayasikii tangu zamani, masikio yaliishia kwenye mashine za kuvunja mawe kule mgodini. Mimi ndiye nilikuwa namgusa kiatu kumwonyesha pa kuingilia. Nyinyi mlidhani tunacheza?" Nilipomweleza habari ya mafuta na kikaango, akaacha kucheka. Akasema maneno hayo ni yake. Baba alimpigia simu Desemba, akamuuliza muziki uliobanwa vibaya unasikikaje, naye akamweleza. Alidhani mzee anataka tu kujua.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Niliendesha gari huku namtukana peke yangu, na theluji ikinijibu kwenye kioo. Nilikuwa nimekusudia kuingia, kumwambia kila kitu, kufunga mizigo na kuondoka jioni ileile. Nikamkuta amekaa jikoni, meza imeandaliwa sahani mbili, kanawa, kachana nywele. Akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Sauti ilikuwa inamtetemeka, dada. Alidhani nimeshakwenda.

Sasa nikwambie nililolificha kwenye simu. Ijumaa nilimpigia Bi Haugen nikaikataa kazi. Tena si kwa ajili ya Baba peke yake. Niliogopa. Nimekaa huku mpaka nimezoea kufungiwa, na nilipoona mlango uko wazi, miguu ikagoma. Kazi kapewa mwanamke kutoka Fargo. Nililia chini kule mpaka kichwa kikaniuma.

Jana usiku, wakati wa chakula, nikamwambia Baba kwamba kazi ya Minneapolis haipo tena, wamempa mtu mwingine. Sikutaja Stubby, sikutaja matoazi. Alimaliza sarma zake, akafuta mdomo, akaomba kadude. Nikampa kama kalivyokuwa, na dansi ileile aliyoikataa Jumanne. Akaisikiliza mwanzo mpaka mwisho, akipiga vidole mezani nje kabisa ya mapigo. Akavua hedifoni. Akasema hapo sasa, umeipatia mwanangu, safi kabisa. Akanishika mkono, akasema ahadi ni ahadi, yeye hawezi kuivunja. Ameridhika, niko huru, naweza kwenda zangu wakati wowote nipendao.

Nikamwambia asante, Baba. Nikaondoa vyombo.

Anakushukuru mno kwa zawadi yako. Mpe shemeji salamu zangu, na uwabusu wajukuu. Ukiniandikia, bahasha iwe na jina langu peke yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Loretta